Federico Tesio, mzalishaji wa farasi ambaye hakumwona bingwa wake akikimbia

Federico Tesio alizaliwa Turin, kaskazini mwa Italia, mwaka 1869, akabaki yatima akiwa bado mtoto. Mwaka 1898 alimuoa Lydia Fiori di Serramezzana, na mwaka huohuo wakaanzisha shamba la kuzalisha farasi wa mbio huko Dormello, kando ya ziwa Maggiore.

Wakati ule farasi wa Italia walikuwa hawahesabiwi mbele ya wale wa Uingereza na Ufaransa. Tesio hakuwa na mali ya kushindana na matajiri wa nchi hizo, hivyo alinunua farasi majike wa bei ndogo ambao ukoo wao ulikuwa mzuri. Hakupenda kufuga madume yake mwenyewe, kwa kuwa aliona mwenye dume nyumbani hushawishika kumtumia hata pale asipofaa. Kila mwaka alichagua dume kwa kila jike, na mara nyingi aliwapeleka majike hao ng'ambo.

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, alinunua Uingereza jike aliyeitwa Catnip kwa gini 75 tu. Catnip alimzaa Nogara, naye Nogara akamzaa Nearco mwaka 1935. Nearco alikimbia mara 14 na kushinda zote. Baada ya kushinda Grand Prix de Paris mwaka 1938, Tesio alimuuza Uingereza kwa pauni 60,000. Leo farasi wengi sana wa mbio duniani wanatoka katika ukoo wa Nearco.

Mwaka 1952 akazaliwa Ribot. Alikuwa mdogo wa mwili, hata hakuandikishwa katika Derby ya Italia, shindano ambalo farasi wa Tesio walikuwa wamelishinda zaidi ya mara 20.

Tesio alifariki tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 1954, akiwa na miaka 85. Miezi michache baadaye Ribot alikimbia kwa mara ya kwanza, akashinda. Alishinda mbio zake zote 16, zikiwemo Prix de l'Arc de Triomphe za mwaka 1955 na 1956 huko Paris.

Kazi ya mzalishaji ndivyo ilivyo: anachochagua leo, matunda yake huonekana miaka mingi baadaye, na pengine wengine ndio watakaoyaona.