Hamza bin Abdul-Muttalib: Mwindaji aliyerudi na upinde begani



Mzazi mmoja wa Mpuguso, karibu na Tukuyu wilayani Rungwe, ametufikishia jambo linalomtatiza. Wanawe wawili kila Jumamosi, wakishamaliza darasa la madrasa, huchukua ndoano na manati wakaandamana na baba yao mdogo kwenda mtoni. Hurudi jua linapokaribia kuzama, wamejaa matope hadi magotini, wakiwa na visamaki vitatu au bila kitu, na furaha yao haina kifani. Jirani yake amemwambia kuwa huo ni upuuzi unaomtoa mtoto wa Kiislamu katika dini yake, na kwamba mtu mwema hawezi kuonekana akizurura porini. Mzazi huyo anataka kujua kama ni kweli.

Tungeweza kumjibu kwa mistari michache ya hukumu. Lakini tumeona ni bora tumkumbushe yeye na wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye kuwinda kulikuwa ndiyo starehe yake kubwa duniani, naye ni Hamza bin Abdul-Muttalib (R.A.), ami yake Mtume, aliyepewa jina la Simba wa Mwenyezi Mungu.

Hamza alikuwa mtoto wa Abdul-Muttalib, mzee wa Bani Hashim, na mama yake aliitwa Hala binti Wuhaib, aliyekuwa binamu wa Bibi Amina, mama yake Mtume. Ingawa alikuwa ami, kwa umri alimzidi Mtume kwa miaka michache tu, miwili au minne kwa mujibu wa wapokezi. Wote wawili walinyonyeshwa na Thuwaiba, mjakazi wa Abu Lahab. Kwa hiyo walikuwa ami na mtoto wa ndugu kwa nasaba, ndugu kwa ziwa, na marika kwa makuzi. Anayejua jinsi vijana wa rika moja wanavyopendana ataelewa mengi ya yale yaliyofuata.

Alipokua akawa mtu wa upinde. Waandishi wa sira wanamweleza kuwa ni kijana mwenye nguvu kupita wenzake wa Kikureshi, mkali wa tabia asiyekubali kuonewa, na mwenye kupenda mno kutoka kwenda kuwinda katika majabali na nyika zinazouzunguka mji wa Makka. Wametuhifadhia pia desturi yake moja ambayo wengi wetu huipita haraka. Hamza alipokuwa akirudi kutoka mawindoni hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwenye Al-Kaaba akaizunguka, kisha akapita kwenye kila baraza la Makureshi akasimama, akasalimia, akazungumza nao, ndipo akaenda kwa ahali zake. Mawindo yake hayakumfanya awe mtu wa porini aliyewakimbia watu. Yalimrudisha kwao.

Wala mtu asidhani kuwa mwindaji ni mtu asiye na elimu. Kusoma unyayo, kujua upepo unatoka wapi, kukaa kimya saa nzima bila kukohoa, kuacha kurusha mshale mpaka uhakika upatikane, yote hayo ni mafunzo. Huko huko Rungwe, wataalamu wa wanyama walipokuwa wakifanya utafiti mwaka 2003 walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya anayeitwa kipunji. Wataalamu wakamtafuta katika msitu wa Mlima Rungwe wakamwona, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa amepatikana mnyama ambaye sayansi haikumjua. Wazee wa pale walikuwa wakimjua siku zote.

Turudi Makka. Mtume alipewa utume, akaanza kuwaita watu kwa siri, kisha kwa dhahiri. Makureshi wakamfanyia uadui, wafuasi wake wanyonge wakateswa juani. Na Hamza? Hamza alikuwa akiwinda. Ni lazima tuliseme hili ingawa si jepesi kulisema juu ya mtu mkubwa kama huyu. Kwa miaka kadhaa, rafiki yake wa utotoni alikuwa akitukanwa na kusumbuliwa mjini, naye aliamka alfajiri akachukua upinde na podo lake akaenda zake. Hakuwa adui. Alimpenda mtoto wa ndugu yake na hakuna aliyempokea kwamba alimsema vibaya. Lakini starehe ya nje ina utamu wake, na moja ya utamu huo ni kwamba huko majabalini habari za mjini hazifiki.

Siku moja Mtume alikuwa karibu na kilima cha Safa, Abu Jahl akampitia. Akamtukana, akamuudhi, akaitusi dini yake kwa maneno mabaya. Mtume hakumjibu hata neno. Abu Jahl akaondoka akaenda kuketi katika baraza la Makureshi kwenye Al-Kaaba. Palikuwa na mwanamke mmoja, mjakazi aliyeachwa huru na Abdullah bin Jud'an, aliyekuwa nyumbani kwake na akasikia yote. Haukupita muda akatokea Hamza anarudi, upinde umening'inia begani. Yule mwanamke akamweleza yaliyompata mtoto wa ndugu yake, na jinsi alivyonyamaza.

Siku hiyo Hamza hakusimama kumsalimia mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja mpaka msikitini, akamwona Abu Jahl ameketi kati ya watu wake, akasimama mbele yake, akauinua upinde akampiga nao kichwani pigo lililompasua. Akamwuliza vipi anamtukana Muhammad ilhali yeye Hamza yuko katika dini yake na anasema anayoyasema. Kama anaweza na amrudishie pigo. Watu wa Bani Makhzum wakainuka kumsaidia ndugu yao. Abu Jahl mwenyewe akawazuia, akakiri kuwa kweli alikuwa amemtukana mtoto wa ndugu yake Hamza matusi mabaya. Wanahistoria wengi huliweka tukio hili katika mwaka wa sita wa utume, karibu na mwaka 615 au 616.

Inapokewa kuwa usiku ule hakupata usingizi. Maneno yale yalikuwa yamemtoka kwa hasira, kwa ajili ya damu ya ukoo, naye hakuwa mtu wa kusema jambo kisha akalirudi. Je, aliyoyasema ni kweli au ni ghadhabu tu? Akamwomba Mungu amwonyeshe njia. Asubuhi akamwendea Mtume akamweleza shaka yake waziwazi, Mtume akamwaidhi na kumbashiria, na imani ikatulia moyoni mwake. Sisi tunaupenda usiku huo kuliko hata lile pigo la upinde. Kumpiga Abu Jahl kulitaka nguvu, nazo alikuwa nazo. Kukaa macho mpaka asubuhi akijihoji nafsi yake ni kazi nyingine.

Tangu hapo Makureshi walipunguza baadhi ya maudhi waliyokuwa wakimfanyia Mtume, kwani walijua kuwa amepata mlinzi.

Hijra ilipokuja mwaka 622, Hamza alihamia Madina. Mwaka wa kwanza wa Hijra alitumwa na Mtume kuongoza kikosi cha Muhajirina 30 kuelekea pwani ya bahari, na wengi husema bendera aliyofungiwa yeye ndiyo ya kwanza katika Uislamu. Alikutana tena na Abu Jahl, safari hii akiwa na watu 300, lakini mpatanishi aliingia kati na pande zote mbili zikaondoka bila vita. Katika Badr, mwaka 624, alikuwa miongoni mwa watatu waliotoka mbele ya safu kupambana, pamoja na Ali na Ubaida bin Harith. Alitambulika kwa alama yake: alikuwa amejichomeka unyoya wa mbuni kifuani. Mbuni wakati huo walikuwapo Arabuni. Hata vitani Hamza alivaa kitu cha porini.

Mmoja wa waliouawa Badr kwa mkono wa Hamza ni Tu'aima bin Adiy. Mtoto wa ndugu yake, Jubair bin Mut'im, alikuwa na mtumwa wa Kihabeshi aitwaye Wahshi, hodari wa kurusha mkuki mfupi kwa namna ya kwao Habasha, ambaye ni nadra kukosa shabaha. Jubair akamwahidi uhuru wake iwapo atamwua Hamza.

Katika Uhud, mwezi wa Shawwal mwaka wa tatu wa Hijra, yaani Machi 625, Wahshi hakwenda kupigana vita. Alikwenda kuwinda. Yeye mwenyewe baadaye alisimulia jinsi alivyomtafuta Hamza kwa macho mpaka akamwona akipasua safu za watu, jinsi alivyojificha nyuma ya jiwe, akangoja. Hamza akashughulishwa na mtu mmoja aliyejitokeza kumkabili. Wahshi akaupima mkuki mkononi mpaka akaridhika nao, akaurusha, ukampata Hamza chini ya kitovu. Hamza akajaribu kumwendea, akashindwa, akaanguka. Wahshi akasubiri mpaka akafa, akaja akauchukua mkuki wake, akarudi kambini akaketi, kwa kuwa hakuwa na haja nyingine na watu wale.

Yaliyofanyiwa mwili wake baada ya hapo tunayaacha. Tunamtaja dada yake, Safiya. Mtume alimwagiza Zubair, mwana wa Safiya, amrudishe mama yake asimwone kaka yake katika hali ile. Bibi huyo alisema kuwa habari anazo, na kwamba atasubiri kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Akaruhusiwa. Alikuwa amekuja na nguo mbili za kumkafinia. Pembeni ya Hamza alikuwa amelala Answari mmoja aliyefanyiwa kama alivyofanyiwa yeye, wala hana sanda. Wakaona haya kumpa Hamza mbili na yule asipate, kila mmoja akakafiniwa kwa moja. Waislamu waliouawa siku ile walikuwa kiasi cha 70.

Mtume aliporudi Madina alisikia wanawake wa Kianswari wakiwalilia wafu wao. Macho yake yakajaa machozi, akataja kuwa Hamza hana wa kumlilia. Wanawake wale walipopata habari walikuja kumlilia Hamza, Mtume akawaombea dua na kuwarudisha, akakataza kuomboleza kwa makelele.

Wahshi naye alisilimu baada ya Makka kufunguliwa. Mtume aliupokea Uislamu wake, akamwomba tu ajitahidi asimwonyeshe uso wake. Katika vita vya Yamama, baada ya Mtume kufariki, mkuki uleule ulimpiga Musailima, mtume wa uongo.

Sasa tumrudie mzazi wetu wa Mpuguso. Sheria za mawindo zilizomo katika Suratul-Maida, kama vile uhalali wa mnyama aliyekamatwa na mbwa aliyefundishwa, uhalali wa samaki na kuharamishwa kuwinda nchi kavu mtu akiwa katika ihramu, zimo katika sura inayohesabiwa miongoni mwa za mwisho kuteremka. Hamza hakuziwahi. Sisi tumeziwahi, na tumekatazwa pia kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo. Kwa hiyo samaki wa kitoweo ni halali na safari ya kumtafuta ni njema, na ami aliyewachukua watoto amefanya hisani. Manati ya kuangushia ndege wasioliwa hapana. Na mitego katika msitu wa Mlima Rungwe, au kuwinda popote bila kibali, ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, achilia mbali yule kipunji tuliyemtaja. Watoto hao na waende mtoni, ila wakirudi wapite kwanza msikitini kwa Magharibi, na kwa babu na bibi kuwasalimia.

Limebaki jambo moja la Hamza. Alikuwa na binti mdogo, Umama, na wengine humwita Umara. Mwaka wa saba wa Hijra Mtume alipokwenda Makka kwa umra na akawa anaondoka, mtoto huyo alimfuata mbio akimwita ami. Ali akamshika mkono, akamkabidhi kwa Bibi Fatima. Wakashindana juu yake watu watatu, kila mmoja akitaka kumlea: Ali, kwa kuwa ni binti wa ami yake; Jaafar, kwa kuwa ni binti wa ami yake na mkewe ni mama mdogo wa mtoto; na Zaid bin Haritha, kwa udugu aliofungiwa na Hamza. Mtume akahukumu aende kwa Jaafar, kwa sababu mkewe Jaafar, Asmaa binti Umais, alikuwa ndugu wa Salma, mama wa mtoto, na mama mdogo anashika nafasi ya mama. Wale wawili wengine hakuwaacha hivihivi, kila mmoja alimwambia neno la kumfurahisha. Miezi michache baadaye Jaafar na Zaid wote waliuawa katika vita vya Mu'ta.