George Bradshaw

George Bradshaw (29 Julai 1800 – 6 Septemba 1853) alikuwa mchoraji ramani na mchapishaji kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa vitabu vyake vya ratiba za treni, vilivyomwezesha msafiri wa mji wowote, mkubwa au mdogo, kupanga mwenyewe safari ndefu inayopita kwenye reli za makampuni na nchi mbalimbali.

Maisha ya awali

Alizaliwa Pendleton, karibu na Salford. Baada ya kumaliza shule alijifunza kazi ya kuchonga mabamba ya kuchapia kwa fundi mmoja wa Manchester. Mwaka 1820 alifungua karakana yake Belfast, lakini mwaka 1822 alirudi Manchester na kujikita katika uchapaji wa ramani. Kwanza alisifika kwa ramani za mifereji ya mizigo ya Uingereza, kabla reli hazijaenea.

Akiwa kijana alijiunga na madhehebu ya Marafiki, yaani Waquaker, ambayo leo yana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Alishiriki kuandaa mikutano ya amani, kuanzisha shule na kuwapatia chakula maskini wa Manchester. Mwaka 1839 alimwoa Martha Darbyshire.

Vitabu vya ratiba

Wakati huo kila kampuni ya reli ilitoa ratiba yake peke yake. Tena kila mji ulifuata saa yake kulingana na jua: saa ya Bristol ilikuwa nyuma ya ile ya London kwa dakika 10 hivi. Aliyetaka kubadili treni njiani hakuwa na njia rahisi ya kujua kama angeiwahi ya pili.

Mwezi Oktoba 1839 Bradshaw alikusanya ratiba hizo katika kijitabu kimoja kilichouzwa peni sita. Kuanzia Desemba 1841 kilitoka kila mwezi. Inasimuliwa kwamba baadhi ya makampuni hayakufurahi, kwa kuwa saa ikishachapishwa huwa kama ahadi kwa abiria.

Waquaker hawakutumia majina ya miezi yenye asili ya miungu ya Waroma. Kwa hiyo matoleo ya kwanza yalihesabu Mwezi wa Kwanza, wa Pili na kuendelea, jinsi Waswahili wengi wanavyofanya.

Mwezi Juni 1847 alitoa mwongozo wa reli za bara la Ulaya. Kwa wakati huo mkazi wa Manchester aliweza kwenda London kwa treni, kuendelea hadi Dover, kuvuka bahari kwa meli hadi Ostend, kisha kupanda treni kupitia Ubelgiji hadi Köln nchini Ujerumani. Kila hatua ilitegemea saa ya kufika ya hatua iliyotangulia.

Kanuni hiyo inafanya kazi popote penye reli zinazoungana. Nchini Tanzania, tawi la Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, linaungana na Reli ya Kati huko Kaliua, na reli ya Mwanza inaanzia Tabora. Abiria wa Mpanda anayekwenda Mwanza hatoshelezwi na saa ya kuondoka Mpanda. Anahitaji kujua atafika Tabora lini, na treni ya Mwanza inaondoka siku gani. Akiikosa, inayofuata huenda isiwe ya kesho yake.

Kifo

Mwezi Agosti 1853 Bradshaw alisafiri kwenda Norwei. Huko aliugua kipindupindu, akafariki tarehe 6 Septemba akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Oslo, mji ulioitwa Christiania wakati ule.

Urithi

Kazi yake iliendelea bila yeye. Kijitabu cha kila mwezi, kilichoanza na kurasa chache tu, kilizidi kurasa 900 mwishoni mwa karne ya 19, na jina Bradshaw likawa neno la kawaida la Kiingereza kwa kitabu cha ratiba. Katika riwaya ya Jules Verne kuhusu kuzunguka dunia kwa siku 80, mhusika mkuu anasafiri akiwa na mwongozo huo.

Mwaka 1873 kampuni ya Thomas Cook ilianza kutoa ratiba yake ya reli za Ulaya, iliyokuja kushindana na ile ya Bradshaw. Toleo la Bradshaw la Uingereza lilichapishwa mara ya mwisho mwaka 1961, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.