Kabla ya Naruto Kulikuwa na Tezuka

Kila hosteli hapa chuoni ina ubishi wake usioisha. Kuna ghorofa za Simba na Yanga, kuna ghorofa za siasa, na kwetu sisi ni anime. Naruto au One Piece? Goku akikutana na fulani nani anakufa? Watu wanabishana mpaka saa nane za usiku na kesho yake kuna testi. Mimi hoja yangu ni moja tu, na wenzangu wameshaichoka: kabla hamjapanga nani wa kwanza na nani wa pili, mtajeni kwanza Osamu Tezuka, ndo tuendelee. Wengi huniuliza huyo ana nguvu gani. Hana nguvu yoyote. Alikuwa mchoraji, tena alifariki mwaka 1989, wengi wetu wasomaji wa jarida hili hatujazaliwa. Leo nimepewa ukurasa, na kwenye ukurasa hakuna wa kunikata kauli, kwa hiyo nitaeleza taratibu kwa nini namweka juu.

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 huko Toyonaka, karibu na Osaka, na akakulia katika mji wa Takarazuka. Nyumbani kwao walikuwa na bahati ambayo watoto wengi wa enzi hizo hawakuwa nayo. Baba yake alikuwa na projekta, kwa hiyo mtoto alikuwa anaangalia filamu za katuni za Marekani sebuleni. Mama yake alimpeleka kwenye maonesho ya jukwaani pale mjini, na akimsomea hadithi za katuni alibadilisha sauti kwa kila mhusika. Shuleni mambo yalikuwa magumu kidogo. Alikuwa na mwili mdogo na nywele za mawimbi, wenzake wakamfanya kichekesho. Kilichomwokoa ni mambo mawili: kuchora na wadudu. Aliwapenda wadudu kiasi kwamba jina lake, Osamu, alianza kuliandika kwa kuongeza alama ya kichina yenye maana ya mdudu, kwa kuwa kuna mdudu mmoja ambaye jina lake la Kijapani linafanana na lake. Jina hilo ndilo lililobaki kwenye vitabu vyake vyote.

Hapa ndipo mimi, mwanafunzi wa elimu mwaka wa tatu, huwa nasimama. Akiwa bado shule ya msingi, Tezuka alichora hadithi nzima ya katuni kwenye daftari. Mwalimu akalikuta, akalichukua. Sisi sote tunajua kinachofuata, si ndiyo? Kumbe daftari lile lilikwenda ofisi ya walimu, likazunguka meza kwa meza, walimu wakalisoma. Baada ya hapo hakuna aliyemkataza tena kuchora. Mwalimu wake mwingine akamtia moyo aandike insha ndefu kadiri anavyotaka. Hakuna aliyempa zawadi wala cheti. Walimu waliacha tu kumzuia, basi.

Nasema hivi kwa sababu nilipokuwa BTP katika shule moja ya sekondari niliona daftari la hesabu la mtoto wa kidato cha pili likichanwa mbele ya darasa. Kosa lake ni kwamba kurasa za nyuma zilikuwa na katuni. Mtoto hakulia, aliokota vipande akaviweka mfukoni. Sijui kama alikuwa anachora vizuri, kwa kuwa hakuna mtu aliyesoma kabla ya kuchana.

Turudi Japani. Vita ikaja, na walimu wa aina ile ya kwanza wakapungua. Tezuka na wenzake walipelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha jeshi pale Osaka. Kuchora katuni wakati nchi iko vitani ilikuwa ni kujitafutia kipigo, lakini yeye alichora, na michoro mingine akaibandika chooni ili wenzake wasome wakiwa wamejificha. Juni 1945 ndege za Marekani zilipoishambulia Osaka, alikuwa zamu ya ulinzi juu ya mnara. Mabomu yalianguka karibu naye, akanusurika, akashuka na kukuta mji unaungua na watu wamelala wamekufa kandokando ya mto. Alikuwa na miaka 16. Ukisoma kazi zake huku ukijua habari hiyo, utaelewa kwa nini katika katuni za huyu mtu kifo hakifutiki kwenye ukurasa unaofuata.

Mwaka huohuo alianza masomo ya udaktari Osaka. Ndiyo, udaktari wa binadamu. Mchana alikaa darasani, usiku alichora. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, kitabu chake Shin Takarajima, yaani Kisiwa Kipya cha Hazina, alichokitengeneza pamoja na Shichima Sakai, kilitoka kwenye vitabu vya bei poa vilivyouzwa mitaani. Inakadiriwa ziliuzwa nakala 400,000 katika nchi iliyokuwa bado na njaa na magofu. Watoto waliokisoma walisema ni kama kutazama filamu kwenye karatasi: picha inaanzia mbali, inasogea, inaonesha uso, inakata. Hicho unachokiona leo kwenye kila manga, mpigano mmoja kuchukua kurasa kumi, asili yake kubwa iko kwake.

Sasa kipi achague? Wengi hapa chuoni tunaijua hali hii: kozi umechaguliwa na alama zako au na baba, na kitu unachokipenda unakifanya usiku. Profesa wake mmoja alimweleza waziwazi kwamba akiwa daktari atawamaliza wagonjwa, heri achore. Lakini aliyeamua ni mama. Tezuka alimwendea kumwomba ushauri, mama akamuuliza ni kipi anachokipenda zaidi. Akajibu katuni. Mama akamwambia aende Tokyo akachore. Hata hivyo masomo hakuyatupa: alimaliza mwaka 1951, akafaulu mtihani wa leseni ya udaktari, na mwaka 1961 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu mbegu za kiume za konokono. Kwa hiyo ukitaka kumtumia kama kisingizio cha kudisko, tafuta mtu mwingine.

Mwaka 1952 alianza kuchora Tetsuwan Atom, ambayo duniani inajulikana kama Astro Boy. Hadithi yenyewe inaumiza. Dokta Tenma amefiwa na mwanawe kwa ajali ya gari, anaunda roboti anayefanana naye. Kisha anagundua kwamba roboti harefuki, haongezeki hata inchi moja, anamchukia na kumuuza kwenye sarakasi. Profesa mmoja mwenye pua kubwa, Ochanomizu, anamchukua na kumpeleka shule. Mzazi mmoja aliona kitu kilichoshindwa kuwa alichotaka yeye, mwingine akaona mtoto. Kwangu somo la saikolojia ya elimu limo humo lote.

Msidhani jamii ilimpigia makofi. Miaka ya 1950 wazazi na walimu wa Japani waliendesha kampeni dhidi ya vitabu walivyoviita vibaya, na katuni zilikusanywa na kuchomwa moto. Za Tezuka nazo zilishambuliwa kwamba zinawajaza watoto mambo yasiyowezekana. Watoto wale wakaendelea kusoma. Mmoja wa waliomtazama Atom utotoni ni Akira Toriyama, aliyekuja kuchora Dragon Ball. Na Dragon Ball ndiyo iliyowalea Kishimoto wa Naruto na Oda wa One Piece. Ukoo ndio huo, babu ni huyu.

Tarehe 1 Januari 1963 Atom aliingia kwenye televisheni kupitia studio ya Tezuka mwenyewe, Mushi Production. Kila wiki nusu saa, kitu ambacho wenzake waliona hakiwezekani. Alipunguza idadi ya michoro, akaacha mdomo tu uchezeshwe huku mwili umetulia, na picha za zamani akazirudia. Pia aliwauzia kituo cha televisheni kwa bei ya chini kuliko gharama. Hapa simtetei. Ujanja ule ulitupa anime, lakini wapo wanaosema ndio pia uliozoesha tasnia ile kuwalipa wachoraji kiduchu mpaka leo. Mwaka 1973 studio yenyewe ilifilisika.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wake hulipitia haraka, na linatuhusu sisi wa kutoa maoni usiku. Tezuka alikuwa na wivu wa kazi. Miaka ya 1960 mchoraji kijana, Shotaro Ishinomori, alikuwa anachora Jun, hadithi karibu isiyo na maneno, kwenye jarida la Tezuka mwenyewe. Tezuka alimwandikia msomaji mmoja kwamba ile si manga. Maneno yakamfikia Ishinomori, ambaye tangu utotoni Tezuka ndiye aliyekuwa mwanga wake, akataka kuacha. Ndipo Tezuka alipokwenda nyumbani kwake kuomba radhi, na kukiri kwamba hata yeye haelewi kwa nini alisema vile. Ukisema hadharani kazi ya mtu ni takataka, kumbuka inaweza kufika.

Baada ya kufilisika, wahariri wengi walimwona ni mzee aliyepitwa na wakati. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1973 alipewa nafasi fupi, karibu kama ya kuagwa. Akachora Black Jack, habari za daktari mpasuaji asiye na leseni, anayedai fedha za kutisha na kuokoa watu ambao wenye leseni wamewashindwa. Udaktari aliouacha ukarudi kumwokoa. Hadithi hiyo iliendelea kwa miaka kumi.

Alichora zaidi ya kurasa 150,000 maishani. Saratani ya tumbo ilimkamata, na kama desturi ya Japani ya wakati ule, hakuambiwa ugonjwa wake. Aliendelea kuchora kitandani hospitalini, na inasimuliwa kwamba hata mwishoni aliomba aachwe afanye kazi. Alifariki tarehe 9 Februari 1989, ana miaka 60, akiacha hadithi kadhaa katikati. Simba wake mweupe wa Jungle Emperor, aliyemchora tangu 1950, alikuja kuzua ubishi mkubwa mwaka 1994 Disney walipotoa The Lion King, filamu ambayo shujaa wake ana jina la Kiswahili chetu. Wachoraji wa Japani waliandika kulalamika, Disney wakakana. Mwenyewe hakuwepo, na nadhani angecheka, kwa sababu alikuwa shabiki wa Disney aliyetazama Bambi mara zisizohesabika.

Anayetaka kuanza, aanze na Black Jack, kila hadithi inajitegemea, haihitaji bando la mwezi. Kisha atafute Pluto ya mwaka 2023, ambayo imetokana na Atom. Na ninyi wenzangu wa elimu mnaojiandaa kwenda BTP, mkikuta daftari lenye katuni nyuma, lichukueni kama somo linaendelea, hiyo ni haki yenu. Ila mlifikishe ofisini mkalisome mpaka ukurasa wa mwisho, kisha mlirudishe kwa mwenyewe likiwa zima.