Archimedes: Mzee aliyedai angeweza kuisogeza dunia

Na Mwandishi Wetu

WANAFUNZI wengi wa sekondari hukutana na jina la Archimedes katika somo la fizikia, mwalimu anapoeleza kwa nini meli ya chuma huelea ilhali msumari huzama. Wengi hukumbuka pia kisa cha mtu aliyetoka bafuni mbio bila nguo, kwa furaha ya kugundua jambo.

Lakini mtu huyo wa kisiwa cha Sicily alikuwa na hoja nyingine, kubwa kuliko hiyo na yenye mzaha ndani yake. Alidai kwamba nguvu ndogo ikipewa chombo kinachofaa inaweza kusogeza mzigo wowote ule, hata dunia yenyewe, ilimradi apatikane mahali pengine pa kusimama.

Kihesabu, dai hilo ni sahihi. Tatizo ni bei yake, nayo hulipwa kwa muda.

Mtoto wa mwanafalaki

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo (KK) katika mji wa Syracuse, uliokuwa dola huru ya Wagiriki katika kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mwanafalaki, mtu wa kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota.

Inaaminika kwamba alipokuwa kijana alifika Alexandria, Misri, uliokuwa mji mkuu wa elimu wa zama hizo. Baadaye aliandikiana barua na wataalamu wa huko, akiwamo Eratosthenes, mkuu wa maktaba mashuhuri ya mji huo na mtu aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kupima vivuli vya jua.

Huko nyumbani Syracuse alikuwa karibu na Mfalme Hiero wa Pili. Aliandika vitabu juu ya duara, tufe, wenzo na vitu vinavyoelea. Katika kimoja alichomwandikia Gelon, mwana wa mfalme, alijipa kazi ya kuhesabu chembe za mchanga zinazoweza kujaza ulimwengu mzima. Kwa kuwa Wagiriki hawakuwa na namna ya kutaja idadi kubwa kiasi hicho, alibuni mfumo wake mwenyewe, na kufikia idadi ambayo leo ingeandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 63.

Meli iliyovutwa na mtu mmoja

Mwandishi Plutarch, aliyeishi karne kadhaa baadaye, anasimulia kwamba Hiero alistaajabishwa na dai la kusogeza mzigo wowote, akataka kuona kwa macho. Archimedes alichagua meli ya kifalme yenye milingoti mitatu, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa jasho la watu wengi. Akaamuru ijazwe abiria na shehena yake ya kawaida. Kisha akaketi kando, akavuta kamba iliyopitishwa katika mfululizo wa kapi, na meli ikasogea taratibu kana kwamba iko majini.

Mwandishi mwingine wa kale, Athenaeus, anataja parafujo badala ya kapi. Vyovyote iwavyo, siri ni ileile. Kamba inayopita katika kapi nyingi hulazimika kuvutwa mita nyingi ili mzigo usogee mita moja. Kinachopotea katika umbali hurudi kikiwa nguvu.

Magurudumu yenye meno hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Gurudumu lenye meno 10 likiliendesha lenye meno 50, lile dogo litazunguka mara tano ndipo kubwa limalize mzunguko mmoja. Mwendo umepungua mara tano, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka mara tano, ukiacha ile inayoliwa na msuguano. Jozi ya pili ya namna hiyo ikifungwa baada ya ya kwanza, nguvu huwa mara 25. Jozi ya tatu huifikisha mara 125. Jozi hazijumlishwi, bali huzidishana.

Dereva wa lori anayepanda mlima kwa gia namba moja hununua nguvu kwa njia hiyo: injini huzunguka kwa kasi ilhali magurudumu yanajikokota. Anayeinua gari kwa jeki ya parafujo naye hulipa bei hiyo. Mkono huzunguka mara nyingi, gari likapanda kiasi cha unene wa kidole.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Heron wa Alexandria alieleza mtambo wa magurudumu yenye meno uliokusudiwa kuinua mzigo wa talanta 1,000 kwa nguvu ya talanta 5 tu, yaani uwiano wa 200 kwa 1. Naye Pappus, mtaalamu wa hesabu wa mji huohuo, alipoandika juu ya mitambo ya aina hiyo karne kadhaa baadaye, alilihusisha wazo lake na Archimedes.

Bei ya kuisogeza dunia

Uwiano wa 200 hautoshi kwa dunia. Uzito wa sayari hii, kwa vipimo vya sasa, ni kilo trilioni trilioni 6 hivi, yaani 6 ikifuatwa na sifuri 24. Tuseme mzigo huo umewekwa mahali unapoweza kuinuliwa kama gunia, na anayeuinua ni mtu wa kilo 60. Uwiano unaohitajika ni 1 ikifuatwa na sifuri 23.

Ili dunia inyanyuke milimita moja tu, mkono wa mtu huyo utalazimika kuvuta kilomita 100,000,000,000,000,000. Akivuta mita moja kila sekunde, pasipo kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka trilioni 3 na ushei. Ulimwengu wote unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8. Mvutaji angehitaji muda huo zaidi ya mara 200, kwa ajili ya milimita moja.

Mzaha huo umewahi kuundwa kwa chuma. Katika miaka ya 1990, mchongaji wa Marekani Arthur Ganson alitengeneza mashine yenye jozi 12 za gia, kila moja ikipunguza mwendo mara 50. Upande mmoja kuna mota inayozunguka kiasi cha mara 200 kwa dakika. Upande wa pili, gia ya mwisho imezikwa ndani ya zege. Mota huzunguka bila shida, kwa kuwa gia hiyo ya mwisho ingehitaji zaidi ya miaka trilioni 2 kukamilisha mzunguko mmoja. Kwa vipimo vya binadamu, zege halijaguswa.

Mitambo yageuzwa silaha

Hiero alifariki mwaka 215 KK. Mjukuu wake, Hieronymus, aliyerithi kiti, aliiacha Roma na kuegemea Carthage katika vita kuu ya wakati huo, lakini aliuawa mwaka uliofuata. Syracuse iliendelea na msimamo huo, na mwaka 213 KK jemadari wa Roma, Marcellus, aliuzingira mji kwa majeshi ya nchi kavu na meli za kivita 60.

Archimedes alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Mitambo aliyoiandaa enzi za Hiero ikawekwa juu ya kuta. Mwanahistoria Polybius, aliyezaliwa miaka michache tu baada ya vita hiyo, anaeleza mitambo ya kurushia mawe iliyopangwa kwa kila umbali, na mikono yenye kucha za chuma iliyokamata meli kwa omo, ikaiinua na kuiachia. Habari za vioo vilivyochoma meli kwa jua hazimo katika maandishi yake, wala ya Livy, wala ya Plutarch. Zilijitokeza kwa waandishi wa baadaye.

Marcellus aliacha kushambulia kuta, akaamua kuunyima mji chakula. Hapo mambo yakageuka. Mitambo ya mzee ilikuwa imebadilisha umbali kuwa nguvu, na kwa nguvu hiyo ikayazuia majeshi makubwa. Muda haikuweza kuuzuia, na muda ulikuwa mikononi mwa Warumi.

Wakati wa mazungumzo karibu na mnara mmoja, Mrumi mmoja alihesabu tabaka za mawe ya ukuta, akakadiria kimo chake na urefu wa ngazi utakaotosha. Usiku wa sikukuu ya Artemis, walinzi wakiwa wamelewa, Warumi walipanda hapo. Hesabu ndogo ya mawe iliufungua mji uliolindwa na mtaalamu mkuu wa hesabu wa zama zake.

Mwaka 212 KK Syracuse ilianguka yote. Archimedes aliuawa na askari wa Kirumi. Plutarch mwenyewe anatoa simulizi zaidi ya moja. Iliyoenea zaidi ni kwamba alikuwa amezama katika mchoro wa jiometri, hakuinuka alipoamriwa. Inaelezwa kwamba Marcellus alihuzunika, akawatendea kwa heshima jamaa za marehemu.

Kaburi kwenye miiba

Kwa mujibu wa Plutarch, Archimedes hakutaka kuacha kitabu chochote juu ya mitambo yake, akiona kazi za mikono kuwa duni mbele ya hesabu tupu. Ndiyo maana kapi zake, kucha zake na gia zake hujulikana kwa kalamu za watu wengine.

Mwaka 75 KK, miaka 137 baada ya kifo chake, Cicero, aliyekuwa ofisa wa Roma kisiwani Sicily, alilitafuta kaburi lake. Wenyeji wa Syracuse walimwambia halipo. Alilikuta limefunikwa na miiba na vichaka, akalitambua kwa nguzo ndogo iliyotokeza juu ya majani.

Juu ya nguzo hiyo hakukuwa na meli, kapi wala gurudumu la meno. Palikuwa na tufe na mcheduara, maumbo mawili ambayo Archimedes alithibitisha kwamba tufe likiingia ndani ya mcheduara na kugusa kila upande, ujazo wake huwa theluthi mbili kamili. Hilo ndilo aliloomba liwekwe juu ya kaburi lake.