Mwalimu Nyerere, Msomaji Aliyetugawia Vitabu



Vijana wenzangu wa Mbulu na Hanang, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, nikiwa likizo parokiani kuna swali naulizwa sana: kijana Mkatoliki asome nini? Wengine wanaliuliza kwa kunitega kidogo. Eti mseminari na riwaya wapi na wapi? Biblia na maisha ya watakatifu havitoshi?

Ni swali la haki kabisa. Muda wetu ni mfupi, bando linakwisha haraka, na vitabu tunavyovipata huku kwetu ni vya kuhesabu. Mtu akichagua vibaya amepoteza jioni zake, na jioni hairudi.

Leo sitajibu kwa hoja za falsafa, ingawa nimetoka kuzisoma juzijuzi tu. Nitajibu kwa maisha ya mtu ambaye picha yake wote tumeiona ukutani ofisini, lakini wengi wetu hatukuwa tumezaliwa alipofariki. Tunamjua kama Baba wa Taifa. Leo naomba tumtazame kama msomaji tu.

Nyumba isiyo na vitabu

Kambarage alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mgaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi. Nyumbani kwao hapakuwa na rafu ya vitabu. Palikuwa na mifugo, mashamba, na hadithi za wazee jioni. Alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma. Nawaandikia hili ninyi mnaosema mmechelewa. Miaka 12 ndiyo kwanza anashika herufi!

Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ya serikali. Huku na huku alikuwa ameanza kufuata mafundisho ya dini kwa mapadre. Hakukurupuka kubatizwa. Alisubiri miaka, na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa akachukua jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21, anasoma Makerere, Uganda, kozi ya ualimu.

Sasa angalieni alichokuwa anafanya huko. Alikuwa mmoja wa wanafunzi Wakatoliki waliojitoa sana katika mambo ya Kanisa. Na wakati huohuo alikuwa anamsoma John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye hakuwa mtu wa Kanisa hata kidogo. Mill aliandika kuhusu wanawake kuwekwa chini ya wanaume. Kijana Julius alikichukua kitabu kile akakiweka mbele ya maisha ya mama zake wa Kizanaki, akaandika insha, na insha ile ikashinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki.

Mimi hapo ndipo ninaposimama kila nikifikiria usomaji wake. Angeweza kumeza maneno ya Mill akayatapika kwenye mtihani, basi. Yeye alimleta Mill nyumbani Butiama akamkalisha jikoni na akina mama. Tabia hiyo hakuiacha hadi kufa.

Alichokisoma hakukaa nacho peke yake

Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Padre Richard Walsh alimwona ana kitu akamsaidia kupata nafasi ya masomo Ulaya. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alisoma historia, uchumi, falsafa ya maadili na mengine, akamaliza 1952. Aliporudi akafundisha St. Francis, Pugu. Mwaka 1954 TANU ikaundwa yeye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu, kwa sababu kazi mbili zile hazikukaa pamoja.

Mtu mwenye shahada ya Edinburgh, hana mshahara, ana familia. Alifanya nini miezi ile? Alirudi kwao Musoma, akamfundisha padre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akasaidia kutafsiri katekisimu katika lugha hiyo. Yaani msomi wa falsafa alikaa chini kutafuta neno la Kizanaki ambalo bibi wa kijijini angelielewa akifundishwa sala. Sisi tunaoongea Kiiraqw na Kidatooga nyumbani tunajua kazi hiyo ilivyo. Maneno mengine ya dini hayaingii kirahisi, unayazungukazunguka hadi mzee akucheke.

Halafu uhuru ukaja. Desemba 1962 akawa Rais. Mwaka 1963 kikatoka kitabu chake: tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kwa Kiswahili. Toleo alilolirekebisha, Juliasi Kaizari, lilitoka 1969. Jamani, fikirini kidogo. Ni tamthilia ya kiongozi aliyependwa mno, rafiki zake wakaogopa atajifanya mfalme, wakamuua, na nchi ikaingia vitani. Rais mpya wa nchi changa ndiyo aliyoichagua akawapa wananchi wake waisome. Hakuchagua kitabu cha kumsifu yeye.

Mwaka huohuo wa 1969 akatoa nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara tu. Yeye akaandika mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ndani yake kuna mtu anakopa, na mkopeshaji anadai ratili ya nyama ya mwili wake akishindwa kulipa. Nani kati yetu hajasikia mikopo ya kausha damu? Kitabu cha Uingereza cha zaidi ya miaka 400 kinamhusu mama muuza vitunguu saumu wa Mbulu. Ila kilihitaji mtu wa kukileta hadi kwake.

Vitabu vya watu wazima

Lakini Shakespeare anasomwa na anayejua kusoma. Takwimu za mwaka 1967 zilionyesha karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ukimuuliza babu au bibi yako atakusimulia kisomo, madarasa ya jioni chini ya mti au kwenye darasa la watoto, wazee wamekaa kwenye madawati mafupi.

Ninachokipenda ni vitabu vyenyewe. Havikuanza na hadithi za watoto. Vilitungwa kufuatana na kazi za watu: vya pamba, vya mahindi, vya ng'ombe, vya uvuvi. Mfugaji alijifunza herufi kwa maneno aliyoyatumia asubuhi yake yote. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vinasikiliza redio pamoja kisha vinasoma kijitabu na kujadili vyoo, maji na malaria. Kitabu kuhusu choo! Lakini kama kilimfanya mama achemshe maji na mtoto akapona, nani atasema hakikuwa kitabu cha thamani?

Hanang inatudai ukweli

Wapendwa, tukimsifu tu tutakuwa tumemsoma nusu. Sisi wa Hanang tuna ukurasa wetu katika maisha yake na hauwezi kurukwa. Miaka ya 1970, chini ya serikali yake, shirika la umma la NAFCO lilipanua mashamba makubwa ya ngano Basotu na maeneo ya jirani, kwa msaada wa Kanada. Zaidi ya ekari 100,000 zikachukuliwa, na nyingi zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Trekta zilipita hata kwenye makaburi ya wazee wao, na kwa Wabarabaig kaburi la mzee ni mahali patakatifu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa kwenye rufaa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu aliyemsoma Mill akawaona mama zake, serikali yake haikumwona mfugaji wa Basotu. Maktaba nzima haikutosha. Nadhani ni kwa sababu mashamba yale yalipangwa kwa vitabu vya kilimo, na hakuna aliyekaa kwanza jikoni kwa Mbarabaig kumsikiliza. Mpango wa ngano uliletwa bila kutafsiriwa. Mwalimu mwenyewe baadaye alikubali hadharani kwamba baadhi ya maamuzi yake makubwa yalikuwa makosa, kama kufuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa. Kwangu mimi hilo nalo ni funzo la usomaji: anayesoma kweli anaweza kurudi nyuma akasahihisha alichokiandika.

Injili kwa mizani nane

Aliachia urais mwaka 1985 akarudi Butiama, kwenye shamba lake na vitabu vyake. Wanaomkumbuka wanasimulia Misa zake za mara kwa mara, kimyakimya, kama muumini yeyote. Na hapo uzeeni akafanya kazi ambayo kwangu ndiyo taji ya usomaji wake. Alichukua Injili zote nne na Matendo ya Mitume akaziandika upya kwa utenzi wa Kiswahili, mistari minne minne, mizani nane kila mstari. Vitabu hivyo vilitoka 1996 kwa mikono ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Utenzi ni umbo lililokomazwa na washairi Waislamu wa pwani kwa karne nyingi. Mkatoliki wa Mara aliwasoma, akajifunza ufundi wao, akautumia kumsimulia Kristo. Kama angesoma vitabu vya Kikatoliki peke yake, kazi hiyo isingekuwepo. Ndiyo maana nikiulizwa kama riwaya au mashairi yanampotezea mseminari muda, ninaikumbuka kazi hiyo.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kuomba atangazwe mwenye heri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa bado linachunguza. Kwa hiyo tunaweza kumwomba faraghani, lakini bado hatumweki altareni.

Basi tusome nini?

Katika maisha haya mimi naona kipimo kimoja rahisi. Kitabu cha thamani ni kile ambacho ukikimaliza unajisikia kwenda kumpa mtu fulani, na unajua ni nani. Kama hakuna hata mtu mmoja unayemfikiria, labda kilikupitishia muda tu.

Kwa mdogo wako wa darasa la sita, mpe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Ni hadithi ya ajabu na wema unaoshinda wivu. Msomee kwa sauti. Kwa rafiki wa kidato cha tano au sita kuna Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari kama mimi. Ni kitabu kigumu kuhusu msichana aliyelelewa kwa ukali na kilichompata, na kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Msisome peke yenu, someni wawili mjadiliane. Kwa wanaojiandaa na ndoa, mtafuteni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, naye alisoma seminari. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka inahusu mume na mke wanaopendana bila kupata mtoto. Aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaisubiri hadi 1980 ndipo ikatoka kwa Kiswahili. Na kwa rafiki aliyechoka na dhambi zake mwenyewe, Maungamo ya Mtakatifu Augustino.

Na bibi asiyesoma? Yeye ndiye kitabu. Kaa naye, mwulize kuhusu kisomo, kuhusu malisho ya zamani, kuhusu nyimbo za Kiiraqw au Kidatooga alizoimba akiwa msichana. Andika. Pale Basotu, kitabu cha namna hiyo ndicho kilichokosekana mezani.

Wiki hii fanya jambo moja dogo: chagua mtu kwanza, ndipo utafute kitabu chake. Kisha tusali pamoja:

Ee Mungu, uliyependa kujifunua kwetu kwa Neno, tupe njaa ya kusoma na unyenyekevu wa kusikiliza. Tusibaki na kizuri peke yetu. Umjalie mtumishi wako Julius pumziko la milele, na kama ni mapenzi yako, umfanye mfano kwa vijana wa nchi yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.