Maisha ya Heinrich Hertz, mtu mwenye jina ndani ya redio zetu

Kila mmoja wetu hapa Kalemie amekwisha kuona herufi MHz kwenye redio, pale tunapotafuta FM. Tunazisoma tu, hatuulizi. Zile H na z ni jina la mtu. Leo nawaletea maisha yake.

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Jamaa ya baba yake ilitoka kwa Wayahudi, lakini yeye alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Tangu utoto alipenda vitabu, na vilevile kazi za mikono. Alianza masomo ya uinjinia, kisha akayaacha juu ya kufuata fizike. Mwaka 1880 akapata udaktari huko Berlin, na mwaka 1885 akawa profesa katika mji wa Karlsruhe.

Wakati ule Maxwell, mtu wa Skotilandi, alikuwa amekwisha kuandika kwamba umeme unaweza kusafiri kama mawimbi ya nuru. Alikufa mwaka 1879 na hakuna aliyekuwa ameyahakikisha. Hertz njo alifanya kazi hiyo. Aliweka fito mbili za madini zenye nafasi ndogo katikati, ambamo cheche ya umeme iliruka. Mbali kidogo aliweka waya wa kupokea. Cheche ikiruka huku, nyingine ndogo sana iliruka kule, bila waya wa kuziunganisha. Alilazimika kukaa gizani ili aione.

Mwaka 1888 akaendelea mbele. Fito zimesimama, waya wa kupokea umelala: cheche ikapotea. Akausimamisha waya, cheche ikarudi. Njo hapo tulipojua kwamba mawimbi ya redio yana namna yake ya kusimama ao kulala. Mwaka uliofuata akaonyesha kwa hesabu na michoro kwamba antene ya namna ile haitumi nguvu sawa fasi zote: inatuma sana ubavuni, lakini kwenye ncha zake haitumi kitu.

Basi, ndugu, kama antene ya stesheni imesimama, simamisha ya redio yako pia. Usielekeze ncha yake kwenye mnara kama mtu anayelenga bunduki! Ukiilaza, pengine utasikia bado, sababu milima na nyumba zinarudisha mawimbi na kuyageuza kidogo, lakini sauti itakuwa na makelele.

Hertz mwenyewe hakuona faida ya kazi hii kwa maisha ya kila siku. Alianza kuugua, akapasuliwa, akafa huko Bonn tarehe 1 Januari 1894, na miaka 36 tu. Aliacha mke na mabinti wawili wadogo. Miezi michache tu baadaye Marconi, kijana wa Italia, akaanza kuyatumia mawimbi yale kutuma habari. Mwaka 1960 mataifa yakakubali jina la Hertz liwe kipimo cha dunia nzima.

Sisi tunaouliza kila siku kama somo fulani litatupatia kazi, tukumbuke mtu huyu. Alitafuta ukweli gizani, akafa bila kusikia redio hata moja. Alipanda yeye, tunavuna sisi. Tupande nasi.