Seraphino Antao: Mtimkaji wa Pwani aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza

RIADHA ya Kenya inapotajwa, fikira za wengi hukimbilia nyanda za juu za Bonde la Ufa. Hata katika mabaraza ya Likoni, Diani na Msambweni, mashabiki hubishana usiku kucha kuhusu wanasoka, nani ana chenga na nani ana pumzi fupi, lakini mbio huziacha kuwa habari za watu wa bara.

Hata hivyo, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano makuu ya kimataifa hakuzaliwa milimani. Alizaliwa Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni, akakulia katika joto na upepo uleule wa bahari wanaoujua wakazi wa Kwale. Jina lake ni Seraphino Antao.

Antao alizaliwa Oktoba 30, 1937, katika familia yenye asili ya Goa, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wareno nchini India. Kenya nayo ilikuwa chini ya Waingereza, na shule, hospitali hata vilabu vya michezo viligawanywa kwa misingi ya rangi. Wagoa walikuwa na shule na vilabu vyao, Waafrika vyao, na Wazungu vyao. Uwanja wa riadha ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo vijana wa jamii hizo wangeweza kupangwa kwenye mstari mmoja na kupimwa kwa saa moja.

Mwaka wa 1958 alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Cardiff, Wales, kwa michezo ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, ambayo leo huitwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilirejea na nishani zake za kwanza huko, shaba mbili za Bartonjo Rotich na Arere Anentia, ila Antao hakupata kitu. Miaka miwili baadaye alishiriki Olimpiki ya Roma. Huko pia alirudi mikono mitupu.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye aliendelea kujifua, na mwaka wa 1962 ukawa wake. Kwanza alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza jijini London katika yadi 100 na yadi 220. Kisha, mwezi Novemba, akasafiri hadi Perth, Australia, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola.

Michezo hiyo hukumbukwa kwa joto kali lililowatesa wanariadha na mashabiki. Kwa kijana wa Mombasa, joto halikuwa jambo geni. Alishinda fainali ya yadi 100, umbali wa takribani mita 91, kwa muda wa sekunde 9.5, mbele ya Tom Robinson wa Bahamas. Baadaye akaongeza dhahabu ya yadi 220. Kenya, ambayo bado haikuwa huru, ikawa na bingwa wake wa kwanza.

Lakini je, Antao alikuwa bora kweli, au alibahatika tu? Wanaomtilia shaka hutaja jina moja, Harry Jerome wa Canada. Jerome alikuwa miongoni mwa walioshikilia rekodi ya dunia ya mita 100 na ndiye aliyepigiwa upatu Perth. Katika fainali ya yadi 100 aliumia vibaya msuli wa paja, akamaliza wa mwisho. Wenye shaka husema kwamba lau Jerome angekuwa mzima, Antao angeambulia fedha.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Dhahabu ya yadi 220 haiwezi kuelezwa kwa paja la Jerome peke yake. Mbio hizo zinadai ustadi tofauti: kukata kona bila kupoteza mwendo na kubakisha nguvu za kumalizia. Aliyeweza kushinda zote mbili London na kurudia Perth mwaka huohuo hakuwa mtu wa kuokota ushindi njiani.

Udhaifu wake ulionekana kwingine. Hakuwahi kung'aa kwenye Olimpiki. Mwaka wa 1964 alipewa heshima ya kubeba bendera ya Kenya jijini Tokyo, Olimpiki ya kwanza tangu uhuru. Akiwa na umri wa miaka 26, wengi walitarajia makuu, ila hakufika fainali. Nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ikaenda kwa Wilson Kiprugut, aliyepata shaba katika mita 800. Jerome naye, aliyepona jeraha lake, alitwaa shaba ya mita 100.

Huenda Tokyo ndipo njia ya riadha ya Kenya ilipopinda. Tangu Kiprugut, na hasa baada ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, taifa lilijitambulisha kwa mbio za kati na za masafa marefu. Mbio fupi zikasahaulika, na Pwani ikasahaulika pamoja nazo.

Antao alistaafu na kuhamia London, ambako aliishi hadi alipofariki Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 73. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye aliyecheza kwao alikwenda kuzeekea ugenini, huku watoto wengi wa mkoa aliozaliwa wakikua bila kulisikia jina lake.

Ilichukua miaka 60 kabla ya Mkenya mwingine kutwaa dhahabu ya mbio fupi kabisa ya wanaume katika Jumuiya ya Madola. Ferdinand Omanyala alifanya hivyo katika mita 100 jijini Birmingham mnamo 2022, na jina la Antao likafufuliwa kwa siku chache.

Hapo ndipo penye somo kwa Kwale. Mbio fupi hazihitaji hewa nyembamba ya milimani. Zinahitaji uwanja, kocha na mashindano ya mara kwa mara. Mtoto anayewaacha wenzake katika mchanga wa Diani au viwanja vya Msambweni hana sababu ya kuambiwa kwamba riadha si ya watu wa Pwani. Dhahabu ya kwanza ya Kenya ililetwa na mtu wa Pwani.